Kisima cha Nikolaus

Juni 4, 1935

Mto Luzwa umekatika leo. Jana bado palikuwa na uzi wa maji ukipita kati ya mwamba na mizizi ya mkuyu. Asubuhi hii uzi haupo. Yamebaki madimbwi, moja huku, moja kule, kama majirani walionuniana. Kuanzia sasa mpaka mvua za Novemba tutakuwa na mchanga tu, na maji tutayafuata chini yake.

Naandika kwa sababu sina mtu wa kuzungumza naye. Watoto niliokuwa nawafundisha katekisimu wamehama na wazazi wao. Serikali imeamuru bonde lote liachwe kwa sababu ya malale, watu wahamie makazi mapya ya Ipembe, ng'ambo ya mto, ambako vichaka vimefyekwa na mbung'o hawafiki. Mwisho ni mvua za kwanza, maana mto ukishajaa hakuna anayevuka. Nyumba zinazotoa moshi sasa ni chache, na moja ni ya kwetu, mimi na mama yangu, Mayu. Alibatizwa Imakulata, lakini jina hilo analitumia Padre peke yake.

Mayu hataki kuhama. Hasemi kwa nini, wala simuulizi, maana najua.

Juni 9

Mayu amekichimbua kisima cha kaka.

Nieleze, maana nikija kuyasoma haya uzeeni pengine nitakuwa nimesahau. Kila nyumba hapa Luzwa huwa na kisima chake kwenye mchanga wa mto. Kisima kisicho na ukingo hujifukia chenyewe, kwa hiyo watu husuka tenga lisilo na kitako na kulizamisha. Kaka yangu Nikolaus alikuwa mrina asali, naye hakuwa na subira ya kusuka. Alichukua mzinga wake wa zamani uliohamwa na nyuki, gogo la mninga lililotobolewa ndani, wazi pande zote mbili, akauzamisha mchangani ukasimama. Maji yakajaa ndani yake, safi kama ya mtungini. Kabla ya mvua mzinga lazima utolewe, la sivyo mto unauchukua. Juni unarudishwa.

Nikolaus aliondoka wakati wa vita, Wajerumani walipoikimbia Tabora na kukamata vijana wa kuwabebea mizigo. Nilikuwa na miaka kumi. Tangu hapo ni Mayu anayeutoa mzinga na kuurudisha, na maji ya humo hatuyanywi. Sisi tuna kisima chetu. Kile kiko pale pale njia ya zamani ya misafara inapovuka mto, mahali ambapo Nikolaus lazima apite akirudi, na atakuwa na kiu.

Jioni tukifunga mlango nimemuuliza, kama tunavyofanya siku zote, "Hajaja?"

"Bado, mwanangu."

Juni 10

Baridi. Kanga wengi shambani, wanafukua karanga zilizosahaulika. Sina nguvu ya kuwafukuza.

Juni 23

Mwanangwa Raymundi, mkuu wa kijiji chetu, amekuja kutusihi. Ni mtu mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo, na leo sauti ilikuwa ndogo zaidi. Alisema ametuwekea kiwanja Ipembe karibu na kanisa. Mayu akamshukuru. Akauliza, basi mnakuja lini? Mayu akasema karanga hazijaisha kumenywa. Raymundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama kuku.

Nilipomsindikiza aliniambia hapendi kuona askari wakimshika mkono mama wa umri wa mama yake. Nikamwambia hata mimi sipendi. Tukaachana hivyo.

"Hajaja?"

"Bado."

Julai 5

Mayala amepita akielekea Ipembe na mbuzi wake. Alitusalimia akiwa barabarani, hakuingia. Tangu nikiwa mtoto Mayala haingii kwetu.

Yeye na Nikolaus walikamatwa siku moja na kubebeshwa sanduku moja la risasi kwenye mti, huyu mbele, huyu nyuma. Mwaka uliofuata akarudi Mayala peke yake. Wapagazi wa hapa kwetu wana desturi yao, ya tangu enzi za misafara ya pembe: anayerudi na habari ya kifo haitamki. Huingia, huomba maji, hunywa funda moja, na yaliyobaki huyamwaga kizingitini. Kutamka ni kazi ya wenye msiba. Mama au mke akiona maji yamemwagika hupiga yowe, majirani hukimbilia, na hapo ndipo mtu huyo anakuwa amekufa. Kabla ya yowe hakuna anayeruhusiwa kusema, hata yule aliyemzika kwa mikono yake.

Siku ile nilikuwa mgonjwa, nimelazwa kwenye mkeka nyuma ya kinu. Nilimwona Mayala akinywa funda moja. Niliyaona maji yakimwagika. Nikafumba macho nikimsubiri Mayu apige yowe, na yowe halikuja. Mayu alisimama kitambo, kisha akachukua kata yake, akaenda mtoni kusafisha kisima.

Nimekua nikijua kwamba kaka yangu amekufa na kwamba mama yangu amekataa. Mimi nani hata niseme kabla yake? Kwa hiyo kila jioni ninamuuliza, ili asione kwamba anangoja peke yake. Ndicho kitu pekee ninachoweza kumpa.

Julai 19

Wanyama wanakijua kisima cha Nikolaus. Visima vingine watu walivifunika kwa miiba. Hiki Mayu hataki kifunikwe, anasema msafiri asije akahangaika na miiba. Basi asubuhi nyayo zimejaa: pongo, ngiri, nungunungu, na juzi chui. Pongo jike mmoja huja hata mchana, hutumbukiza pua ndani ya mzinga huku masikio yakizunguka. Hua nao wanashuka kwa makundi. Nyuki wamejipanga ukingoni wakinyonya unyevu, na Mayu anasema ndio wale wale waliouhama mzinga, wamekuja kuomba radhi.

Ubaya ni kwamba mbung'o hufuata wanyama, na Mayu hushinda pale pale chini ya mkuyu, mgongo wazi. Nimempa kaniki yangu nzito ajifunike. Ameitandika akaikalia.

Agosti 11

Ambrosi amekuja kutoka Tabora kwa baiskeli. Ni fundi seremala, mtu wa maneno machache, na mchanga wa njia yetu ulikuwa umemtesa. Alifika akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Alimpa Mayu shikamoo, akampa na chumvi aliyomletea, kisha tukakaa nje mimi na yeye.

Ni yale yale ya mwaka jana na mwaka juzi, anataka kunioa. Amejenga nyumba yake Ng'ambo, mtaa wa kule Tabora, milango ameichonga mwenyewe. Mayu ana chumba chake humo. Nikamwambia Mayu hauachi mto huu. Akauliza kama nimewahi kumuuliza. Nikamwambia yako mambo hayaulizwi. Alitazama viganja vyake.

"Josepha, mimi sitakuja tena," akasema. "Sina hasira nawe. Nimechoka na njia hii."

Aliondoka kabla ya chakula. Mayu akaniuliza mbona mgeni hakula. Nikasema alihofia jua. "Ni mtu mwema," Mayu akasema, nami nikasema ndiyo, nikaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Jioni nimeuliza, nadhani kwa ukali kidogo. "Hajaja?"

"Bado, mwanangu."

Agosti 12

Nimelia. Basi.

Septemba 3

Vibarua wa kufyeka wamefika Luzwa. Wanakata kila mti wa ukingoni ili mbung'o wakose kivuli. Walianza na mikwaju, leo wameufikia mkuyu wetu. Juu yake palikuwa na kiota cha fundichuma, kikubwa kama kapu la pamba. Kilianguka na mti na ndege wawili wakazunguka juu yake mpaka jioni, wakilia. Mayu aliomba mkuyu uachwe. Mnyapara akasema kwa adabu kwamba amri haina mkuyu wala mkwaju.

Sasa mto uko uchi. Nilizaliwa kando yake na leo nimeuona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyo mwembamba.

Mayu anashinda pale pale, juani.

Septemba 14

Dimbwi la mwisho linakufa. Kambare wamerundikana humo, mgongo juu ya mgongo, na maji yamekuwa uji mweusi. Korongo wanasimama ukingoni hawana hata haja ya kukimbilia, wanachagua. Kenge mkubwa amevimba hawezi kutembea. Kamongo peke yake ana akili: amejichimbia kwenye tope, amejizungushia ute wake, atalala humo mpaka mvua. Zamani siku hizi zilikuwa sikukuu, kijiji kizima kingekuwa hapa na majembe na vikapu, wanawake wakiimba. Leo ni mimi na korongo.

Nimechukua kambare wawili. Mayu hakula.

Septemba 22

Mayu ana homa. Nimempa maji ya mwarobaini.

Septemba 25

Homa imeshuka.

Septemba 29

Imerudi.

Oktoba 6

Usiku Mayu halali, anazungukazunguka nyumbani akigusa vitu. Mchana anasinzia. Leo amesinzia tonge likiwa mkononi. Nilimwambia, Mayu, umekuwa kama kuku wa mchana wa jua, na yeye akacheka, akasinzia akiwa anacheka. Na mimi nilicheka. Baadaye nikiwa naosha vyombo nikaviacha nikaenda kumtazama tena, kwa sababu malale sote tumeyaona, tunajua yanavyoanza.

Joto kali. Mchanga haukanyagiki.

Oktoba 20

Raymundi ametuletea tabibu wa malale. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Tabibu alimpapasa Mayu shingo kwa nyuma, akatoa tone la damu, akaliweka kwenye kioo na kulitazama kwa darubini yake pale uani. Alituita mimi na Raymundi kando. Wadudu wamo. Sindano ziko Ipembe, akasema, na kila siku anayobaki hapa inapunguza kazi ya sindano.

Nilimwambia Mayu kila neno. Alisikiliza vizuri, macho mazito. Akasema, "Tutakwenda mzinga ukitoka."

Nikamwambia tuutoe leo. Akasema bado hakuna wingu. Mtu huutoa mzinga mawingu yakija, siyo kabla. Msafiri anaweza kufika wakati wowote mto ukiwa mkavu. Alisema hivyo akinitazama usoni, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Nilikuwa na neno lote mdomoni: Nikolaus amekufa, Mayu, wewe unajua na mimi najua. Nikalimeza. Nilifikiri, huyu ni mgonjwa, tumaini hili ndilo linalomshikilia. Nikimpokonya, nitamwua kabla ya malale. Raymundi akasema anaweza kuleta watu wambebe. Nikamwomba angoje mawingu.

"Hajaja?"

"Bado, mwanangu."

Oktoba 27

Hakuna wingu.

Oktoba 31

Hakuna wingu. Pongo jike haji tena. Sijui kama ni vibarua wamemla au amehama na wengine.

Novemba 3

Upepo wa vumbi, na kwa mbali, upande wa Sikonge, kitu cheupe angani kikaja kikapotea. Mayu hakuamka kukitazama.

Novemba 9

Niko Ipembe. Nitaandika yote, maana nisipoyaandika leo sitayaandika.

Jana mawingu yalipanda upande wa Sikonge, meusi kweli kweli, na ngurumo. Hapa kwetu mvua ilikuwa haijadondoka hata tone, lakini Luzwa haungoji mvua ya hapa. Unanyeshewa juu na kushuka ghafla. Nilimwamsha Mayu. Alisimama, akajifunga nguo vizuri, tukashuka, yeye akiniegemea. Mchanga ulikuwa moto. Alipiga magoti kwenye kisima, akaushika mzinga kwa mikono miwili na kuuvuta. Haukutikisika. Miaka yote anauvuta peke yake, haniruhusu hata kugusa, na jana mikono yake ilikuwa inateleza tu juu ya ule mti.

Nikamwambia, "Uache, Mayu. Mwakani tutaweka tenga."

"Mwakani utakuwa umeolewa," akasema. "Usikatae tena watu kwa ajili ya shimo. Mimi nimechoka kukuchimbia."

Sikuelewa. Nikasema, "Kisima ni chako, Mayu."

"Changu?" Alikaa chini mchangani. "Mimi nilikuwa nakuchimbia wewe."

Kisha akanieleza, na usingizi ukimkata kata, nami nikimtikisa bega ili amalize. Siku ile aliyokuja Mayala mimi nilikuwa na homa kwa muda mrefu, siyo ya kawaida, sili. Nilikuwa nasema jambo moja tu, kwamba Nikolaus akirudi nitakula. Maji yalipomwagwa kizingitini Mayu alikuwa tayari amefungua kinywa. Akaniona kwenye mkeka. Akafikiri, nikipiga yowe hili ninazika wawili. Akalirudisha. Akaenda mtoni ili alie huko, akakuta kisima kimejaa mchanga, na mikono ikaanza kukisafisha. Aliporudi nikamuuliza, "Hajaja?" Akasema bado, nami nikala uji.

Akaniambia alinuia kungoja nipone. Nilipopona akangoja nikue. Lakini kila jioni nilikuwa nauliza, nimekuwa msichana nauliza, nimekuwa mwalimu wa katekisimu bado nauliza, na yeye akaona kwamba mtoto wake ameharibika mahali fulani ndani, na kwamba hawezi kuambiwa. Ndiyo sababu hakwenda Ipembe. Hata mzinga aliogopa kuutoa kabla ya wakati, nisije nikajua kwamba amekata tamaa, nikarudi kwenye ule mkeka.

Nikamwambia, "Sikuwa nimelala, Mayu. Nilimwona Mayala akimwaga maji."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, sijayaona hivyo tangu Septemba.

"Basi ulikuwa unaniuliza nini?"

"Nilidhani unapenda kuulizwa."

Mayu alicheka, kidogo tu. Halafu uso wake ukakunjika. Mimi nilikuwa na hasira, sijui kwa nani: kwa Mayala na kata yake ya maji, kwa Wajerumani, kwa desturi, kwa ule mkuyu uliokuwa ukimpa kivuli mbung'o. Tulikuwa wanawake wawili kwenye nyumba moja, tukila sahani moja, tukifichana maiti.

Mayu akafungua kinywa apige yowe la Nikolaus. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tu. Akanigusa goti. Nikapiga mimi. Sijawahi kupiga yowe la msiba maishani, sikujua kama ninalo, lakini lilikuwa limekaa humo tayari, na likatoka mpaka hua wakaruka kwenye mchanga wa mbali. Hakukuwa na majirani wa kukimbilia. Walikuja vibarua wa kufyeka, watu wa Usukuma wasiotujua, wanaume wanne na mapanga yao. Waliona mwanamke mzee chini na kijana analia. Hawakuuliza kitu. Waliweka mapanga, wakavua kofia, wakakaa nasi mchangani kama wanavyokaa watu msibani. Mayu aliwashukuru mmoja mmoja. Kisha akalala.

Ndio waliombeba. Walikata miti miwili, wakafunga kaniki yangu katikati, wakavuka naye mto na kumleta mpaka hapa. Tulikuwa kwenye mwinuko wa kwanza niliposikia Luzwa ukishuka nyuma yetu. Sauti yake huwezi kuikosea, kama magunia ya mtama yanayoburutwa. Mmoja wa vibarua akageuka kutazama. Mimi sikugeuka.

Novemba 10

Sindano ya kwanza.

Novemba 16

Sindano. Amenifahamu. Ameuliza kama Ambrosi anakula ugali wa mtama au wa mahindi. Nimesema sijui. Amesema nikajue.

Novemba 24

Mvua kila siku. Mbuga zote zimejaa maji, vyura hawanyamazi, na vibarua wanasema Luzwa umefika kwenye kingo zote mbili, unapita na magogo ya miti waliyoikata. Tabibu anakuja, anasimama, anaondoka.

Mayu haamki hata kwa chakula.

Novemba 29

Mayu amefariki asubuhi, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimemshika.

Desemba 2

Tumekaa matanga kwenye nyumba tuliyopewa, ambayo haijakaushwa vizuri, kuta zinatoa jasho. Mayala amekuja. Ameingia ndani, amekaa karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza amenieleza: ni kandokando ya njia, kusini, mbali sana, Nikolaus alikuwa anaharisha na hawakuruhusiwa kusimama. Mayala alimwekea majani usoni. Hakuweza zaidi ya hapo. Alieleza akilia, mtu mzima, na mimi nilimshika mkono nikamwambia tulikuwa tumeshapata habari.

Kina mama wameninyoa nywele. Raymundi ameleta unga.

Desemba 7

Leo ni Misa ya Mayu. Padre alifika jana jioni akiwa amelowa mpaka kwenye mkoba wa vyombo vyake, na asubuhi akaniita kwenye kibanda wanachokitumia kama kanisa aniulize nia, yaani Misa inamwombea nani. Nikamwambia nina marehemu wawili, Imakulata na Nikolaus, mama na mwana.

Padre mwenyewe ndiye aliyemzika Imakulata. Nikolaus hakumjua, maana Padre ni mgeni katika parokia hii. Akaniuliza huyo amekufa lini.

"Mwezi uliopita, Padre," nikasema. "Mtoni."

Alinipa pole, akaendelea kuvaa.